Ukungu na Utitiri Baada ya Maji Kuingia Nyumbani

Dada wa Nyalenda, umeuliza kama kupaka rangi upya kutaondoa ukungu ulioota ukutani tangu maji ya mvua yaingie nyumbani, na kwa nini watoto wanajikuna usiku. Rangi itauficha tu. Baada ya majuma machache utauona ukichungulia tena nyuma ya kabati. Ziba kwanza panapovuja, fungua madirisha mchana, kisha sugua ukuta kwa maji ya sabuni ukiwa umefunika pua na mdomo. Godoro la sponji lililolowa hadi ndani litupe, ingawa bei ya jipya inauma. Kuhusu kujikuna, utitiri wa vumbi, yaani vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hauumi watu, bali hustawi penye unyevu na kinyesi chake huwasumbua wenye mzio, kwa hiyo fua mashuka kwa maji ya nyuzijoto 60. Wakiendelea kujikuna, huenda ni kunguni au upele. Wapeleke kituo cha afya.