Minivani inakula kiasi gani? Pima kwanza, ndipo uulize

Safari hii maswali karibu yote ni ya magari ya familia, yale ya viti saba na vinane: mafuta, sevisi, na kama yanalipa. Nimejibu yaliyo na la kujibika.

Noah yangu inakula mafuta sana. Tatizo ni nini?

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara halina hata namba moja. "Sana" si kipimo. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako hadi tangi lishuke chini ya nusu, kisha rudi kituo kile kile ujaze tena mpaka ijikate. Ukiwa umetembea kilomita 378 na zimeingia lita 42, gari linakwenda kilomita 9 kwa lita. Rudia mara tatu, maana tangi moja huweza kukudanganya. Mshale wa mafuta haupimi chochote cha kutegemea, na ule wastani wa kwenye dashibodi mara nyingi hulisifia gari kuliko linavyostahili. Ukishapata namba, niandikie tena pamoja na aina ya injini na barabara unazopita.

Katalogi ilisema kilomita 16 kwa lita, mimi napata 10. Nimeuziwa gari bovu?

Hapana. Namba hizo za Japani hupimwa maabara, gari likiwa juu ya roli na AC imezimwa. Katika kipimo cha JC08 mwendo haufiki hata kilomita 82 kwa saa. Kile cha zamani zaidi, 10-15, kilikuwa chepesi kuliko hicho, na kile kipya kilichofuata, WLTC, ndicho kinachokaribia hali halisi. Wewe umepakia watu saba na mizigo, AC inafanya kazi, na foleni haisogei. Injini ya lita mbili ikikupa 10 katika hali hiyo, ni nzima. Ila muuzaji anayekutajia namba ya katalogi bila kusema imetoka kipimo kipi, mkague vizuri na mengine anayokuambia.

Fundi anataka kubadilisha plagi, sensa ya oksijeni na pampu ya mafuta kwa mpigo. Gari lilikuwa likienda kilomita 11, sasa ni 8.

Hongera kwa kupima. Sasa usinunue kitu bado. Fundi anayebadilisha spea tatu kwa mpigo anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Anza na yasiyo na gharama. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea, ukifuata stika iliyopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, siyo upepo wa gari lako. Keria uliyoifunga juu kwa ajili ya sikukuu, ishushe. Hata ikiwa tupu inakamata upepo. Ukirudi safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo imeshika na injini inalivuta siku nzima.

Halafu tazama geji ya joto la injini. Ikichelewa sana kupanda, au ikipanda kisha ikashuka ukishika barabara kuu, shuku thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto. Wapo mafundi wanaoing'oa kabisa "ili injini isichemke". Huo ni uharibifu. Injini isiyopata joto lake, kompyuta huichukulia kuwa bado ya baridi na kuendelea kuimiminia mafuta mengi, huku oili ikichafuka mapema. Muulize fundi wako aliyepita kama aliiacha mahali pake.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo gari lisomwe kwa mashine. Na namba ya kosa itakayosomwa ikitaja sensa ya oksijeni, haina maana kwamba sensa imekufa. Huenda inasema kweli kwamba mafuta yamezidi, na kosa liko kwingine.

Kwenye mteremko naweka nyutro kuokoa mafuta. Sawa?

Acha leo hii. Injini ya EFI, yaani ile ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya kunyunyiziwa, ukiachia pedali ikiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo huokoi kitu, na umeikosesha injini nafasi ya kushikilia gari. Minivani iliyojaa watu hukaribia tani mbili au kuzidi, na breki zikishapata moto mwingi hazishiki tena. Hao waliokaa nyuma ni watoto wako.

AC au vioo wazi?

Mwendo wa polepole, vioo. Barabara kuu, funga vioo uwashe AC.

Nichukue haibridi au ya petroli ya kawaida?

Inategemea foleni. Haibridi, yenye injini pamoja na mota ya umeme, hupata faida pale unaposimama na kuondoka mara kwa mara, kwa kuwa hukusanya umeme kila unapokanyaga breki na injini hujizima gari likisimama. Kwa mtu wa barabara ndefu, faida hiyo hupungua sana.

Wengi wanakosea hesabu hapa. Kwa mwaka wa kilomita 15,000, kutoka kilomita 8 kwa lita kwenda 12 unaokoa lita 625. Kutoka 12 kwenda 16 unaokoa kama lita 312 tu, ingawa zote ni kilomita nne zaidi. Zidisha lita hizo kwa bei ya mafuta, kisha linganisha na pesa unayoongeza kununua haibridi.

Na kabla hujalipa, betri ipimwe. Haibridi nyingi huvuta hewa ya kupoza betri kupitia matundu yaliyo karibu na viti, na katika gari la familia matundu hayo huzibwa na mabegi, mablanketi na vumbi. Betri isiyopumua hufa mapema. Mimi siwezi kumshauri mtu anunue haibridi iliyotumika ambayo betri yake haijapimwa.

Giaboksi ni CVT. Fundi ana oili ya otomatiki, anasema ni ile ile.

Siyo ile ile. CVT ni otomatiki isiyo na gia za hatua, na ina oili yake. Hiyo ya fundi itaua giaboksi, na bei ya giaboksi ni mafuta ya miezi mingi. Tafuta oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na fundi mwingine.

Matairi ya mtumba yatanipunguzia gharama?

Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira wake umeshazeeka. Usilifunge kwenye gari la watu wanane.

Mtoto akipakatwa, ulaji wa mafuta unabadilika?

Haubadiliki. Mpe kiti chake na afungwe mkanda.