"Sababu za unakili" au "viongoza unukuzi"?

Mwalimu mmoja wa baiolojia, anayeandaa maelezo ya darasani kwa Kiswahili, ameuliza kama ni sahihi kuandika: "Sababu za unakili hudhibiti jeni za mwitikio wa homoni katika mimea." Kwa "sababu za unakili" anatafsiri istilahi ya Kiingereza "transcription factors".

Sentensi hiyo haina kosa la upatanisho wa kisarufi, lakini baadhi ya maneno yake yanampeleka msomaji kusikokusudiwa. "Sababu" hueleza kwa nini jambo limetokea, ilhali hapa tunazungumzia kitu, yaani protini inayojishikiza kwenye DNA. "Unakili" nao ningeuacha kwa tendo la seli kutengeneza nakala ya DNA yake yote kabla ya kugawanyika. Inapochukuliwa sehemu tu, kama vile jeni moja, na kuandikwa upya kwa umbo la RNA (molekuli inayobeba nakala ya maagizo ya jeni), kitenzi kinachofaa ni kunukuu, maana anayenukuu huchukua kifungu, hachukui kitabu kizima. Ndiyo maana napendelea "unukuzi", neno ambalo wanaisimu wamelizoea wanapoandika matamshi.

Ugumu hasa umo katika "kudhibiti". Katika mazungumzo ya kila siku neno hili huelemea upande wa kuzuia: tunadhibiti wizi, tunadhibiti mfumuko wa bei, na kidhibiti mwendo cha basi hakiongezi kasi. Protini tunazozisema hufanya yote mawili: huwasha jeni na kuzizima. Chukua auksini, homoni inayoufanya mche uinamie mwanga. Inapokuwa kidogo, protini za kundi la Aux/IAA huzibana zile za kundi la ARF, ambazo hukaa kwenye DNA palipo na mfuatano wa herufi za DNA kama TGTCTC. Auksini inapoongezeka, huzinasisha Aux/IAA kwenye kipokezi (protini inayoipokea homoni) kiitwacho TIR1, zikatiwa alama ya kuvunjwa, na ARF zikabaki huru kufanya kazi yake kwenye jeni. Tena, kati ya jeni 23 za ARF katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana katika utafiti, zimo zinazotoa protini za kuwasha jeni nyingine na zimo zinazotoa za kuzizima. Kwa hiyo "kichocheo" hakifai, na "kidhibiti" kinasema nusu tu. Napendekeza "kiongoza unukuzi", kwa muundo ule ule wa kinasa sauti na kipaza sauti, kwa kuwa kuongoza ni kusimamisha na kuruhusu pia, kama zifanyavyo taa za kuongozea magari.

Limebaki "mwitikio wa homoni". Tukisema "mwitikio wa wananchi", wananchi ndio walioitika. Vivyo hivyo, msomaji atadhani homoni ndiyo inayoitika, na kumbe ndiyo inayoita. Andika "mwitikio kwa homoni" au, bora zaidi, "jeni zinazoitikia homoni".

Basi sentensi yako, Mwalimu, iwe: "Viongoza unukuzi huwasha au kuzima jeni zinazoitikia homoni za mimea." Kiongoza hufuata ngeli ya KI-VI, jeni na homoni hazibadiliki katika wingi, nasi husema jeni hii, jeni hizi.