Kanista au skima kwa tanki la maji chumvi?

Mkuu, umesema tanki lako ni la lita 200, unataka samaki wachache sasa na matumbawe laini baadaye, na hela inatosha kifaa kimoja tu. Chukua skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), si kanista (chujio la kopo lenye sponji ndani).

Kanista inakamata uchafu lakini inauacha humohumo kwenye mzunguko wa maji. Usipoifungua na kuisafisha mara kwa mara, mabaki ya chakula na kinyesi vinaozea kwenye sponji, naitreti (kemikali inayobaki uchafu ukioza) inapanda. Samaki wengi watavumilia; matumbawe mengi hapana. Skima inapuliza viputo vidogo sana, taka za protini zinanata juu yake, povu linapanda mpaka kwenye kikombe, nawe unamwaga. Uchafu umetoka kabla haujaoza. (Kikombe kinanuka, jiandae kwa malalamiko ya watu wa nyumbani.)

Ila kazi kubwa zaidi ya kusafisha maji inafanywa na bakteria ndani ya mawe yenye vitundu. Nunua mawe makavu, usiyang'oe baharini, kisha subiri. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6 mpaka amonia na naitraiti (sumu mbili zinazotokana na taka) zisome sifuri kwenye kipimo cha maji. Muuzaji anayekupa tanki na samaki siku hiyohiyo anataka urudi kununua samaki wengine.

Umeme ukikatika, kinachoua haraka ni ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo weka akiba pampu ndogo ya hewa ya betri.

Chini ya tanki kuna kabati la kuwekea skima? Kama hakuna, tafuta skima ya kuning'iniza nyuma.