Kosa Huanza Kabla ya Risasi: Wasomaji Wauliza Kuhusu Polisi na Anayedhaniwa Gaidi

Asalaam aleikum wahariri. Barazani kwetu Kisauni tumebishana hadi kahawa ikapoa juu ya yule fundi umeme wa Brazil aliyeuawa na polisi wa London akidhaniwa gaidi. Mmoja wetu asema askari angengoja, bomu lingelipuka. Mwingine asema ule ni uuaji, basi. Nani ana haki?
*Msomaji, Kisauni*

Wa aleikum salaam. Nyote wawili mnamtazama aliyeshika bastola, na ndiyo maana hamkukubaliana. Rudini nyuma nusu saa.

Tarehe 7 Julai 2005 walipuaji wanne waliua watu 52 katika treni na basi jijini London. Wiki mbili baadaye, 21 Julai, wengine walijaribu tena, mabomu yakakataa. Katika begi moja polisi walikuta kadi ya jimu, nayo ikawapeleka kwenye jengo la fleti huko Scotia Road, kusini mwa jiji. Asubuhi ya tarehe 22 makachero wakakaa kulivizia. Jean Charles de Menezes, kijana wa miaka 27, alikuwa akiishi fleti nyingine katika jengo hilo hilo, na wote walitokea mlango mmoja wa nje.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: kila atokaye asimamishwe na askari wenye silaha, hatua chache kutoka kwenye jengo, aulizwe, aachiliwe au ashikwe. Lakini kikosi cha silaha kilikuwa hakijafika. Kachero aliyepaswa kumpiga picha alikuwa ameenda haja ndogo kijana alipotoka. Kwa hiyo picha haikwenda makao makuu, na kule hakuna aliyeweza kuilinganisha na sura ya mshukiwa. Akapanda basi. Alifika stesheni ya Brixton akaikuta imefungwa, akarudi kwenye basi. Wanaomfuata wakalisoma hilo kuwa ni mbinu ya kuwapoteza. Kachero mmoja alidhani ndiye, mwingine hakuwa na hakika, na kila neno lilivyopanda ngazi redioni, shaka ilizidi kupungua bila ushahidi wowote kuongezeka. Akiwa anaingia stesheni ya Stockwell, amri ikatoka kwamba asimamishwe. Neno hilo kwa aliyelitoa na kwa kikosi kilichofika kikikimbia halikuwa na maana moja. Ndani ya treni alipigwa risasi saba kichwani na moja begani. Hakuwa na bomu.

Sasa sikilizeni kwa nini kichwani, na kwa nini bila onyo. Mbinu waliyofunzwa dhidi ya mlipuaji wa kujitoa mhanga yasema ukipiga kifua waweza kulipua fulana ya mabomu, na ukimpigia kelele unampa nafasi ya kubonyeza swichi. Mantiki hiyo ina uzito. Lakini tazameni inachoondoa. Katika mkasa wa kawaida, mtu aliyedhaniwa kimakosa huokolewa na onyo: atainua mikono, atasimama, atasema jina lake. Ukimnyima onyo umemwondolea njia zote za kujiokoa, na mzigo wote unabaki kwenye jambo moja tu, kumtambua. Hilo moja ndilo lililokuwa bovu siku ile.

Hakuna askari aliyeshtakiwa binafsi. Tarehe 1 Novemba 2007 idara ya polisi ya London yenyewe ilipatikana na hatia chini ya sheria ya afya na usalama kazini, ikapigwa faini ya pauni 175,000 na gharama za kesi pauni 385,000. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama waliochunguza kifo hicho lilikataa maelezo kwamba askari alimtamkia onyo kabla ya kufyatua, na lilitoa uamuzi ulioachwa wazi, yaani usiosema kama kifo kilikuwa halali au la, baada ya kuzuiwa kuamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema uamuzi wa kutomshtaki askari yeyote haukuvunja Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Kwa hiyo mwenzenu wa kwanza ana haki juu ya moyo wa askari, na wa pili ana haki juu ya kifo chenyewe. Sisi twasema dhambi kubwa ilikuwa ya waliomwacha apande basi, kwa sababu kama kweli waliamini ana bomu, basi la abiria ndilo lililokuwa la kwanza kulindwa.

Je, sheria ya Kenya ingemlinda askari huyo? Nasikia kwetu "nilidhani" yatosha.
*Msomaji, Mji wa Kale*

Haitoshi peke yake. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 lataka njia zisizo za nguvu zitangulie, na nguvu ikitumika iwe kwa kadiri ya hatari iliyopo. Bunduki kwanza ni ya kuokoa maisha ya askari au ya mwingine pale njia nyepesi zimeshindwa, ingawa marekebisho ya 2014 yaliongeza sababu nyingine, kama kulinda mali na kuzuia mshtakiwa wa kosa kubwa asitoroke. Kabla ya kufyatua, askari ajitambulishe na atoe onyo la wazi lenye muda wa kutiiwa, isipokuwa onyo lenyewe lingehatarisha maisha au halingekuwa na maana. Akijeruhi, ampatie majeruhi matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Akiua au kujeruhi vibaya, mkubwa wake ni lazima aripoti kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Na kuna sentensi moja humo ambayo kila kurutu angeikariri: amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Mahakamani mvutano huwa mahali pengine. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu chasema aliyekosea kwa imani ya kweli *na yenye busara* ahukumiwe kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini. Neno "busara" ndilo la familia kushika: imani ilitoka wapi, nani aliithibitisha, ilikaguliwa lini? Wakili wa askari atakimbilia kifungu cha 17, kinachopeleka suala la kujitetea kwenye "common law" ya Kiingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji, ambako imani ya kweli yaweza kutosha hata ikiwa ya kijinga. Jua mapema kwamba vita vitakuwa hapo.

Wala msidhani askari hapatikani na hatia. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale, na polisi waliokwenda kumtafuta jamaa yake. Alikuwa ameshazikwa, IPOA ikafanya afukuliwe na achunguzwe upya. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kosa la kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka saba kila mmoja.

Ndugu yetu akiuawa hivyo, Mungu aepushe, tufanye nini? Sisi huzika siku hiyo hiyo.
*Mama wa watoto wanne, Likoni*

Mama, pole kwa hata kulazimika kuuliza. Tutakujibu kwa kirefu kwa sababu saa za mwanzo ndizo zinazoamua kesi.

Kuharakisha maziko na kupata haki havigombani, mradi uchunguzi wa maiti utangulie josho. Maji huosha masizi. Risasi iliyopigwa karibu, kama sentimita thelathini kushuka chini, huacha masizi kuzunguka tundu. Ikipigwa mbali kidogo, hadi kiasi cha mita moja kwa bastola nyingi, huacha vidoa vidogo vya baruti isiyoungua vilivyochoma ngozi. Ikitoka mbali zaidi, hakuna kitu. Tofauti hiyo ndiyo itakayosema kama "alikuwa akikimbia" au alikuwa amepiga magoti. Na mara nyingi shati ndilo lililobeba masizi, si ngozi. Kwa hiyo msiruhusu nguo zikatwe zikatupwe mochari. Ziombe ziorodheshwe kwa maandishi kama vielelezo, zikaushwe kivulini, zitiwe kwenye mifuko ya karatasi kila moja peke yake. Mfuko wa plastiki huleta unyevu, ukungu huingia, ushahidi huharibika.

Katika Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kama tulivyozoea kuiita, ombeni jamaa mmoja atambue maiti, na daktari wa kupasua maiti wa upande wenu awepo uchunguzi ukifanywa. Gharama yake ni yenu, lakini asipokuwepo mtabaki mkisoma ripoti ya upande mmoja. Aombwe mambo manne: picha ya eksirei ya mwili mzima kabla ya kupasua, ili kujua risasi zilizobaki ndani, picha za kila jeraha pamoja na rula, kipimo cha kila tundu kutoka kisigino na kutoka katikati ya mwili, na mwelekeo wa risasi. Tundu la kuingilia kwa kawaida ni dogo lenye ukingo uliokwaruzika, la kutokea huwa limechanika. Kazi hii ikianza asubuhi, yaweza kwisha kabla ya alasiri. Mkiweza, zikeni kaburi lenye alama na si juu ya mwingine, msije mkahitaji amri ya kufukua.

Wakati wengine wako hospitali, mmoja aende kituoni kuandikisha kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na atoke na namba yake, na mwingine apeleke malalamiko IPOA, wana ofisi Mombasa, hawatozi kitu. Msingoje mkubwa wa kituo aripoti, hata kama sheria yamlazimisha.

Mahali penyewe, maganda ya risasi yasiokotwe. Kuyaweka mfukoni "yasipotee" kumeua kesi nyingi, maana hakuna atakayejua yalikuwa upande gani wa njia. Yapigeni picha na kitu cha kulinganisha, kiatu au kisanduku cha kiberiti, kisha picha ya mbali inayoonyesha ukuta na mlango. Halafu tembeeni dukani kwa dukani kuuliza kamera za CCTV. Mashine nyingi hujifuta baada ya siku chache au wiki mbili tatu. Kabla ya kunakili, pigeni picha skrini yake pamoja na simu inayoonyesha saa sahihi, kwa sababu saa za mashine hizi hukosea hata kwa nusu saa na wakili wa upande wa pili atalidaka hilo. Nakala iwe kwenye fleshi, si kwa WhatsApp ya kawaida, ambayo hubana video na kufuta taarifa zake. Huko Stockwell ilisemekana siku ya kwanza kwamba marehemu alivaa koti zito na akaruka kizuizi. Kamera zikaonyesha amevaa koti jepesi la jinzi, akapita kwa kadi yake, akachukua na gazeti la bure.

Mwisho wa hili, miezi. Kesi ya madai ya fidia dhidi ya Serikali kwa kosa la aina hii ina kikomo cha miezi 12. Ombi la kikatiba halina kikomo hicho, ila mahakama hukasirishwa na ucheleweshaji usioelezwa. Familia nyingi hungoja IPOA imalize ndipo zimtafute wakili, na mwaka unakwisha.

Nikisimamishwa na askari kanzu nifanyeje? Najulikana mtaani kwa ndevu tu.
*Kijana, Majengo*

Usikimbie na usitie mkono mfukoni, hata kutoa kitambulisho. Mikono ionekane, sema kwa sauti unachotaka kufanya, "kitambulisho kiko mfuko wa nyuma, nakitoa," kisha ufanye polepole. Uliza wao ni nani na kituo gani. Ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba chakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha nje ya saa za mahakama, ni siku ya mahakama inayofuata. Hata kwa tuhuma za ugaidi, kukushikilia zaidi ni mpaka hakimu akubali. Mpigie jamaa kelele njiani, taja jina lako na la kituo. Mtu aliyeonekana akichukuliwa ni vigumu kupotea.

Mimi ni askari. Mnatufundisha sheria, lakini nikisita sekunde mbili mke wangu ni mjane.
*Askari, Pwani*

Afande, umesema kweli na hatutaidogosha. Lakini kisa kilichokutetea zaidi mahakamani ndicho hicho hicho kinachowabana wakubwa wako. Machi 1988 huko Gibraltar wanajeshi wa Uingereza waliwaua wanachama watatu wa IRA, kundi la silaha la Ireland lililopigana na utawala wa Uingereza, wakiamini wana swichi ya bomu mkononi. Hawakuwa na silaha wala swichi. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya, kwa kura 10 dhidi ya 9, ilisema wanajeshi waliamini kwa dhati waliyoambiwa. Ilichokipata na kosa ni operesheni: watu waliachwa wavuke mpaka badala ya kukamatwa hapo, na dhana za kijasusi zikafikishwa kwa wapigaji kama mambo yaliyothibitika.

Basi kabla ya kushuka garini, uliza redioni maswali haya na majibu yaandikwe pamoja na saa: nani amemtambua kwa macho, kwa picha ipi, ana hakika kiasi gani? Amri ni kumkamata, kumfuata au kumpiga? "Mzuieni" na "mshughulikieni" usiyakubali. Rudisha neno ulilolielewa, ungoje aliyetoa amri akuthibitishie. Kama mtu anaweza kusimamishwa barabarani dakika kumi kabla hajafika feri au stendi ya basi, sema hivyo wakati huo. Na kama wewe ndiye kachero unayemwona na hujamtambua, tamka "sijamtambua", kwa sauti, mara mbili.