Kiraka Kinachofuata Maua

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninafundisha historia sekondari hapa Mubende. Nilipokuwa Kampala nilinunua kwa wauza vitabu vya mtumba riwaya ya Susanna Clarke, Jonathan Strange & Mr Norrell, inayohusu wachawi wawili wa Uingereza zama za vita vya Napoleon. Siwezi kuiweka chini. Wenzangu ofisini wananisema: mwalimu wa historia anajilisha uongo! Je, nawakosea wanafunzi wangu?
Mwalimu, Mubende

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujamkosea mtu. Kitabu hicho cha 2004 nakijua, nimekisoma mara mbili.

Nimeshona nguo Jinja miaka 30. Kitenge kikitoboka, fundi mvivu hubandika kiraka popote. Fundi hodari hutafuta kipande chenye ua lile lile, akalilinganisha jani kwa jani, hata mwenye nguo akapapasa kwa kidole asiuone mshono. Raha yangu katika riwaya za namna hii ni huko kupapasa, kuutafuta mshono kati ya lililotokea na lililobuniwa.

Chukua barabara. Jeshi la Wellington, jenerali wa Uingereza, lilipigana kweli Ureno na Hispania, kwenye njia mbovu. Clarke anampeleka huko Strange, mmoja wa wale wachawi wawili, na jeshi linachotaka kwake kuliko radi na maajabu ni barabara. Anaitandika, askari wanapita, kisha inatoweka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nimewahi kusukuma taksi kwenye matope usiku, mtoto mgongoni. Najua aliyekwama huomba nini. Vitabu vya historia vilinitajia vita hivyo, lakini sikuwahi kuwaza miguu ya wale askari.

Halafu kuna mfalme wa Uingereza. George wa Tatu aliugua akili kweli, na alikufa 1820 bila kupona. Riwayani Strange anaitwa amponye. Wewe unayejua tarehe unasoma moyo ukidunda, maana unajua hataweza. Uchawi wote ule, na bado hauruhusiwi kuligusa lililotokea! Asiyejua historia hapati utamu huo, mwanangu. Wenzako hawajaliona hilo.

Nawe uko Mubende. Kilimani hapo kwenye mti wa Nakayima nilikaa kati ya mizizi iliyosimama kama kuta za chumba, nikaweka kiganja kwenye gome lake, baridi na lenye unyevu. Wazee wanaunganisha kilima hicho na Ndahura, mfalme wa Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi yapo, urefu wake unazidi kilomita 10, na yalichimbwa kwa mikono ya watu. Masimulizi yanasema waliochimba ni hao Bachwezi, watu waliotoweka. Watoto waliokulia hapo wamezoea kusikia handaki na ajabu katika hadithi moja.

Basi wasomee ukurasa wa barabara. Kila mmoja apige mstari kwa penseli chini ya yale anayodhani yalitokea, kisha wabishane. Wakishachoka, waulize nani angeiandika riwaya ya Ndahura, na jambo gani asingethubutu kulibadilisha.

Ukirudi kwenye kitabu chako, angalia maelezo madogo chini ya kurasa. Yanataja vitabu chungu nzima vya uchawi ambavyo havijawahi kuwepo. Mimi niliviamini vya mwanzo. Nilipogundua, nilirudi ukurasa wa kwanza nikayasoma yote upya, polepole.