Maswali ya Wasomaji: Manukato ya Maua Yenye Joto

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jamii moja ya manukato ya kike: yale ya maua mazito yaliyolazwa juu ya vanila, sandali na utomvu wa miti. Maduka ya Ulaya yaliyaita manukato ya Mashariki kwa miaka mingi, na siku hizi mengi huyaita ya ambari. Ni manukato ya joto, na wengi wetu tunaishi penye joto, kwa hiyo makosa ya kipimo huonekana haraka.

Dukani nilinusa Samsara ya Guerlain kwenye kikaratasi. Mwanzo ilinipiga puani kwa ukali, nikairudisha chupa. Jioni kikaratasi kilichobaki mkobani kilikuwa kinanukia vizuri ajabu. Harufu ipi ndiyo yake? (Msomaji, Tanga)

Zote ni zake, ila utakayoishi nayo ni ile ya jioni. Samsara ilitoka mwaka 1989, kazi ya Jean-Paul Guerlain, na imesimama juu ya nguzo mbili: asmini na sandali. Unapopulizia, kwanza inaruka alkoholi, pamoja nayo bergamoti (jamii ya chungwa), pichi na ule upande mkali wa ua la langilangi. Dakika 10 hadi 15 hizo ndizo zinazowafukuza wanunuzi wengi. Baada ya hapo asmini inatulia, waridi na nargisi zinajaza pembeni, na baada ya saa tatu hivi unabaki na sandali, vanila na tonka, mbegu yenye harufu tamu. Sandali yake haina ukavu wa mbao. Ni nzito, ya maziwamaziwa, na vanila inaizungushia utamu bila kuigeuza keki. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo thamani yake yote, na anayeihukumu kwa dakika tano za kwanza hajaijua.

Rudi dukani uijaribu kwenye ngozi. Pulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono, kwa umbali wa sentimita 15, kisha uondoke. Inuse baada ya dakika 20, saa 2 na saa 6. Usisugue mkono kwa mkono: msuguano huongeza joto, harufu za juu, yaani zile za mwanzo, zikapaa kabla hujazisikia. Siku moja jaribu manukato mawili tu, moja kila mkono. Zile buni za kahawa zinazowekwa kaunta hazisafishi pua. Nusa kitambaa cha nguo yako mwenyewe upande usio na manukato, au toka nje upumue kidogo.

Na shangazi akikuambia kwamba Samsara ya zamani ilikuwa nzito zaidi, ana hoja. Sandali ya India imeadimika na kupanda bei sana tangu miaka ile, na manukato mengi yaliyoitegemea yamepangwa upya kwa kuongezewa sandali ya maabara. Chupa ya leo ni nyepesi kidogo. Bado ni nzuri.

Kwa nini asmini ya chupani hainukii kama asmini ya kikuba? (Msomaji, Unguja)

Kwa sababu ua la kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, bado linafanya kazi. Asmini iliyochumwa ikiwa tumba jioni huendelea kutengeneza harufu usiku kucha, kwa hiyo unachonusa kinabadilika kila saa: kwanza ubichi, kisha utamu, kuelekea alfajiri uzito wenye kitu cha mwilini ndani yake. Uzito huo unachangiwa na indoli, kemikali ambayo ikiwa peke yake na kwa wingi inanuka vibaya, lakini chembe zake ndizo zinazoifanya asmini iwe asmini.

Ua hili halivumilii mvuke kama mkarafuu unavyouvumilia. Viwandani maua huoshwa kwa kiyeyushi hadi ipatikane nta yenye harufu, kisha nta husafishwa kwa alkoholi kibaki kiini. Kilo moja ya kiini inataka mamia ya kilo za maua, kwa hiyo watengenezaji wengi hutia kiini kidogo cha asili na kujalizia kwa asmini ya maabara, na mara nyingi wanapunguza indoli ili manukato yawe safi na mepesi kuuzika. Ukiona manukato yameandikwa asmini na wewe unasikia sabuni, hiyo ndiyo sababu. Anayependa asmini ya kikuba atafute ambayo watu huiita chafu au ya usiku, na ainuse kwenye ngozi yenye joto, kwani indoli haijitokezi sana kwenye karatasi baridi.

Langilangi ina bahati zaidi, maana hupikwa kwa mvuke. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Maua huchumwa asubuhi mapema na mafuta hukusanywa kwa mafungu kadiri saa zinavyokwenda. Fungu la kwanza, liitwalo ekstra, ndilo tamu na lenye maua zaidi, nalo huenda kwenye manukato ghali. Mafungu ya mwisho, mazito na yenye ukali, mara nyingi huishia kwenye sabuni.

Nafanya kazi benki, ofisi ina kiyoyozi. Wenzangu wanasema nanukia kupita kiasi, na mimi mwenyewe baada ya nusu saa sisikii kitu, basi naongeza. (Msomaji, Mombasa)

Acha kuongeza. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo ndani ya dakika chache, wewe ukadhani imekwisha wakati jirani anaumwa kichwa. Kuna pia watu ambao pua zao hazisikii kabisa baadhi ya miski za maabara, na manukato ya jamii hii yamejaa miski. Kipimo cha kweli ni mtu aliyeingia sasa hivi kutoka nje: muulize yeye.

Kwa ofisi yenye kiyoyozi, manukato ya kiwango cha *eau de parfum* yanatosha kwa mpulizo mmoja, mwisho miwili. Usiweke shingoni wala nyuma ya masikio, maana hewa inayozunguka chumbani itayabeba moja kwa moja. Weka kiunoni au mgongoni chini ya nguo, nusu saa kabla ya kutoka nyumbani, ili ule ukali wa mwanzo uishie kwenu na usiwafuate watu ndani ya matatu. Kama ngozi yako ni kavu na manukato hayakai kweli, paka vaselini kidogo sana mahali hapo kwanza. Mafuta hushika harufu, ngozi kavu huiachia.

Ukitaka kufahamu unachonunua: *parfum* huwa na manukato takriban asilimia 20 hadi 30, *eau de parfum* 15 hadi 20, *eau de toilette* 5 hadi 15. Mipaka hii si sheria, kila nyumba ya manukato ina yake. Na mara nyingi *eau de toilette* ya jina lilelile si ile ile iliyozimuliwa. Hupangwa upya, machungwa na ubichi vikaongezwa juu. Kwa jua la Januari Mombasa, hiyo mara nyingi ndiyo chaguo bora.

Manukato yangu yamegeuka rangi kutoka dhahabu hadi kahawia. Yameharibika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si lazima. Vanilini huwa nyeusi kadiri muda unavyopita, na manukato yenye vanila nyingi kama Shalimar ya Guerlain hufanya hivyo hata yakitunzwa vizuri. Amini pua. Yaliyoharibika hutoa mwanzoni harufu ya siki au ya rangi ya kucha, kwa sababu machungwa na bergamoti ndivyo vinavyokufa kwanza. Kama ubovu huo unapita baada ya dakika kumi na harufu inayofuata bado ni nzuri, yatumie, ila pulizia kwenye nguo nyeusi. Kwenye nguo nyeupe na hariri yataacha doa la kahawia lisilotoka.

Yaweke ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na dirisha. Bafuni na ndani ya gari ni mahali pabaya kuliko pote.

Nianze na udi au manukato? Na ni yapi yanayokubaliana na udi? (Msomaji, Muscat)

Udi kwanza, kila mara. Fukiza nguo ikiwa kavu, kwa kaa lililokwisha kushika jivu jeupe. Kaa jekundu huunguza kipande, ukapata moshi wa kuni badala ya harufu. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa abaya. Itundike robo saa moshi mkali upae, uivae, ndipo upulizie mwilini. Usipulizie kamwe karibu na chetezo: manukato ya chupa sehemu yake kubwa ni alkoholi, na ukungu wake hushika moto.

Yanayokubaliana na udi ni yale yenye waridi, sandali na zafarani. Vanila tamu sana ikipandana na udi hulemea. Poison ya Dior, ya mwaka 1985, ambayo ua lake kuu ni tuberozi, ua jeupe lenye harufu nzito, usiichanganye na kitu. Yenyewe inajaza chumba. Opium ya Yves Saint Laurent, ya 1977, yenye ukarafuu na manemane, inaweza kusimama na udi kama utapulizia mara moja tu. Na huko uliko usiikose Gold ya Amouage, iliyotengenezwa na Guy Robert kwa ajili ya nyumba hiyo ya Oman iliyoanzishwa 1983. Ni maua meupe na waridi juu ya ubani, na haihitaji moshi wowote wa kuisaidia.

Kwetu vanila inalimwa na asmini ipo uani. Naweza kutengeneza mafuta ya kujipaka yenye harufu ya namna hii? Nilijaribu kutia vanila ya keki kwenye mafuta ya nazi, vikatengana. (Msomaji, Bukoba)

Vilitengana kwa sababu vanila ya keki imeyeyushwa kwenye maji na alkoholi, na mafuta hayapokei maji. Unahitaji maganda yenyewe, yaliyokwisha kuivishwa na kukaushwa hadi yakawa ya kahawia nzito na laini. Ganda bichi la kijani halina harufu ya vanila. Mafuta ya nazi pia yatakusumbua, kwani huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na Bukoba usiku hushuka. Chukua mafuta ya ufuta uliokamuliwa bila kukaangwa.

Pasua maganda 6, yakatekate, tia kwenye mililita 100 za mafuta ndani ya chupa iliyokauka kabisa. Weka kabatini penye giza wiki 4 hadi 6, ukiitikisa kila siku, kisha chuja. Usiharakishe kwa kuchemsha, ufuta utakuachia harufu ya jikoni.

Sasa asmini. Chuma matumba yanayokaribia kufunguka, magharibi, siku isiyo na mvua. Yatandaze kwenye kitambaa kwa saa moja ili unyevu wa juu ukauke, kisha zamisha konzi moja kwenye mafuta yale ya vanila, ufunike kwa kitambaa. Yasizidi saa 24. Ua likigeuka kahawia ndani ya mafuta hutoa harufu ya uozo isiyoondoka, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote. Chuja, tia maua mapya. Rudia mara 7 hadi 10. Ukimaliza acha mafuta yatulie siku mbili: maji yatazama chini, mimina mafuta ya juu polepole na uyaache maji. Maji yakibaki, ukungu utaingia.

Kwa kila mililita 10 ongeza matone 4 ya mafuta ya sandali na tone 1 la mafuta ya karafuu. La pili usitie, karafuu huunguza ngozi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Matokeo ni laini, yanakaa karibu na mwili, hayatapiga kelele kama ya chupa, na yatadumu miezi kama sita kabla mafuta hayajachacha.

Sandali nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha ilikotoka. Msandali wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, umevunwa kwa wizi hadi kung'olewa mizizi, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Usipopata ya halali, acha kabisa. Vanila na asmini zinajitosheleza.

Nitajuaje chupa ya bandia kabla sijalipa? (Msomaji, Nairobi)

Linganisha namba ya toleo chini ya chupa na ile ya boksi. Zisipofanana, au chupa haina kabisa, ondoka. Tazama mrija wa pampu ndani ya chupa: halisi mara nyingi ni mwembamba, karibu hauonekani ukizama, na hauzidi urefu hadi kujikunja. Maandishi ya boksi yawe na herufi safi. Karatasi ya plastiki iwe imebana bila gundi kumwagika.

Lakini bandia za siku hizi zina maboksi mazuri, kwa hiyo hukumu kubwa iko kwenye ngozi. Mwigaji hukazana na dakika kumi za kwanza, maana hapo ndipo mnunuzi anapolipa. Harufu ya kudumu ni ghali, kwa hiyo haitii chupani. Omba mpulizo mmoja, zunguka sokoni saa mbili, kisha unuse. Kama umebaki na utamu bapa wa sukari bila sandali wala maua, au hakuna kitu kabisa, usirudi. Muuzaji akikataa kukujaribishia na bei ni robo ya ile ya maduka mengine, jibu umeshapewa.