Wagonjwa wasikilize neno kwanza, ndipo wale?

Safu ya Bibi Nesi

*Shikamoo Bibi Nesi. Nina miaka 26, niko kwenye jumuiya ya kanisa letu hapa Morogoro. Kila Jumamosi, wanawake kama kumi hivi, tunapika wali na maharage tunapeleka hospitalini, wodi ya wazazi na ya watoto, kwa wale ambao ndugu zao wako mbali. Huu ni mwaka wa tatu. Sasa tumepata mwenyekiti mpya, mtu wa bidii kwelikweli. Amepanga kwamba kabla ya kugawa chakula wagonjwa wasikilize neno nusu saa, halafu tupige nao picha za kuonyesha waumini. Jumamosi iliyopita dada mmoja mwenye mtandio, ana kichanga cha siku mbili, alisimama kidogo na bakuli lake, kisha akarudi kitandani. Nilipomfuata na chakula akasema ameshiba. Nimemwambia mwenyekiti, amenijibu kuwa naionea haya imani yangu, na kwamba bila neno sisi ni mama ntilie tu. Je, ni kweli naionea haya?*
Mpishi wa Jumamosi, Morogoro

Marahaba mjukuu wangu. Tuanze na huyo dada. Hakushiba. Nimefanya unesi miaka 34, kumi na mmoja kati yake wodi ya wazazi, na mzazi wa siku mbili aliyeshiba sijamwona bado. Anayenyonyesha anaamka saa nane usiku anatafuta hata kipande cha muhogo baridi. Ukisikia "nimeshiba" ujue amelinda kitu kingine, na njaa ameiacha ilie yenyewe.

Halafu hao mama ntilie mwenyekiti awaombe radhi. Mama ntilie hamuulizi mteja anasali wapi.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na unesi nimefundishwa na masista katika hospitali ya misheni. Mkuu wetu wa wodi alikuwa sista mmoja mfupi, mkali, anayevaa raba nyeupe. Saa kumi na moja alfajiri yuko kanisani amepiga magoti. Akitoka huko anapita stoo ya mashuka, anagonga mlango mara moja, kwa sababu anajua mimi niko ndani nasali, na mkeka ninaosalia alinipa yeye. Kisha tunaingia wodini. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu kilichooza, harufu yake ilikuwa inawatoa hata wagonjwa wenzake nje. Manesi vijana tulikuwa tunapigiana chenga. Sista alikuwa anakisafisha mwenyewe, taratibu, anapuliza kama unavyopulizia uji wa mtoto, huku anamuuliza mzee habari za mbuzi wake. Siku moja nikamuuliza huo moyo anaupata wapi. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kijinga. "Kule ninakotoka asubuhi," akasema, akaendelea kufunga bendeji. Yule mzee alitoka hospitali na imani yake ileile aliyoingia nayo.

Kwa hiyo usije ukanisikia nasema imani ikae mbali na kazi ya huruma. Wako wanaosema hivyo, wasomi wazuri tu, na mimi nawauliza: mradi ukiisha na magari yakirudishwa, nani anabaki anaosha vidonda? Nimewaona wanaobaki. Wengi wao ni watu wa kanisani na msikitini.

Lakini nimeuona na upande wa pili. Mwaka 1994 nilipelekwa Benaco, wilayani Ngara, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, takriban laki mbili na nusu ndani ya siku moja. Sitaki kukusimulia yote, utashindwa kula. Kuna kikundi kilikuja na mablanketi na kipaza sauti. Anayenyoosha mkono kwamba ameokoka anapewa blanketi. Mzee mmoja aliokoka Jumatatu, akaokoka Jumanne, na Jumatano akaokoka tena. Nikamtania, mzee, wewe wokovu wako haushiki? Akanijibu bila kucheka: "Nina wajukuu watatu." Wale waliandika wameokoa roho tatu. Mimi nilichoona ni babu mmoja aliyelazimishwa kusema uongo mbele ya Mungu kwa sababu ya baridi.

Mwaka huohuo Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada, yakiwemo ya Wakatoliki na Walutheri, yalikubaliana juu ya mwongozo wa kazi zao, na kanuni mojawapo inasema msaada usitumiwe kueneza msimamo wa siasa wala wa dini. Mwambie mwenyekiti kwamba hilo halikutungwa na watu wasiosali tu.

Na yule Msamaria mwema anayemhubiri, amsome tena polepole. Alimwagia mtu mafuta na divai kwenye majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Hakuna mahali alipomweleza majeruhi habari za dhehebu lake. Sisi nasi tumeambiwa katika Kurani tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Nusu saa ya kumsimamisha mzazi mwenye mshono, bakuli mkononi, mimi naiita udhia.

Basi swali lako. Huionei haya imani yako. Kinachokuamsha Jumamosi gizani kuchambua mchele ni nini, kama si hiyo? Iweke hapohapo jikoni. Imbeni tenzi zenu mkichambua, ombeni juu ya sufuria mpaka mfuniko utikisike. Mkifika mlango wa wodi, shikeni miko.

Sasa namna ya kumwendea. Usimbishie mbele ya watu. Mtu wa bidii akibanwa hadharani huzidisha bidii. Mfuate nyumbani pamoja na mama mtu mzima kuliko wote katika kikundi. Mwombeni Jumamosi ijayo aje apike nanyi tangu saa kumi na moja, asije na gari mkishamaliza. Halafu mwelezeni kwamba kwenye wodi mwenye amri ni nesi wa zamu: yuko mgonjwa wa kisukari, yuko aliyetoka kupasuliwa ambaye hajaruhusiwa kula, na muda wa kutazama wagonjwa ni mfupi. Anayetaka kuombewa yupo, na ni wengi. Vyombo vikishaoshwa, mmoja wenu arudi akae kitandani kwa aliyemwita. Picha pigeni sufuria. Mwanamke mwenye gauni la hospitali lililofunguka mgongoni si wa kuonyeshwa waumini.

Na hayo maharage msiyabadilishe. Mkianza kuleta kuku mtaulizwa kachinja nani.

*Bibi Nesi, jirani yangu ni Mkristo, amefiwa na mume, ana watoto wanne. Naweza kumpa fitri yangu, ile zaka ya mwisho wa Ramadhani?*
Mama wa Ngamiani, Tanga

Masheikh wengi wanasema zaka ni ya Waislamu. Wa madhehebu ya Hanafi wanayo kauli ya kuruhusu fitri. Muulize sheikh wako, mimi ni nesi. Sadaka ndiyo haina mjadala. Pima fitri yako pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu, uifikishe kabla ya sala ya Idi. Kisha pima pishi nyingine pembeni, ya jirani. Bibi yangu alikuwa akinituma alfajiri ya Idi na kikapu, naambiwa niweke mlangoni kwa watu na nisibishe hodi, watafungua wenyewe. Nilimuuliza watajuaje ni sisi. Akanifinya sikio.

Wewe kikapu chako usikicheleweshe, mama wa watoto wanne anaanza kupika mapema. Na tia sukari kidogo humo.